Naomba ushauri: plagini ya storeji imegoma baada ya kusasishwa

Wakuu, nimekwama. Jana usiku nilisasisha plagini (programu ya nyongeza) ya kusimamia storeji (diski za kuhifadhia data) kwenye seva inayosimamia mashine pepe zetu (kompyuta zinazoendeshwa kwa programu ndani ya seva). Ilijisakinisha bila kelele, lakini menyu bado inaonyesha toleo la zamani, na nikifungua orodha ya diski inazunguka tu mpaka muda unaisha. Mashine zenyewe zinapiga kazi, maana data haipiti kwenye plagini. Bila hivyo nisingelala.

Nimefuta kashe (kumbukumbu ya muda) ya kivinjari, nimezima na kuwasha huduma ya wavuti, wapi! Nahisi usajili wa toleo la zamani la plagini kwenye seva haujafutika, au cheti cha usalama (kinachothibitisha utambulisho wake) kimebadilika. Je, niufute usajili kwa mkono, au nirudishe seva ya usimamizi kwenye nakala niliyochukua kabla? Hiyo ya pili naiogopa, mipangilio ya leo yote itapotea. Aliyewahi kukutana na hili anielekeze.