Ubuntu mpya, paswadi haiandiki kabisa

langoni_boy: Asalaam aleikum wakuu. Nimeweka Ubuntu Server, ule mfumo wa kompyuta wa maandishi tu, kwa laptopu kuukuu ya duka hapa Lamu, imewaka vizuri lakini skrini ni nyeusi tupu imeandikwa login, nikiandika root, lile jina la msimamizi mkuu, halafu paswadi hakuna herufi inatokea hata nyota hamna, naona kibodi imekufa na jana ilikuwa nzima, nisaidieni tafadhali

fundi_wa_shela: Waaleikum salaam ndugu yangu, kibodi ni nzima. Paswadi hapo haionyeshwi makusudi, mtu aliye nyuma yako asihesabu herufi. Andika yote polepole ubonyeze Enter. Na root achana nayo, Ubuntu imeifunga tangu mwanzo, tumia lile jina ulilojaza wakati wa kuinstoli, herufi ndogo.

malindi_teki: Pia mara ya kwanza maandishi mengi hushuka yakafunika login, usishtuke, bonyeza Enter neno login litarudi. Ukitaka madirisha na mausi andika sudo apt install ubuntu-desktop ila uwe na bando ya kutosha, ni mzigo mkubwa huo

langoni_boy: Nimeingia!! Allah awalipe kheri, nilikuwa nahangaika tangu alfajiri