Mafundi ba ordinatere, nani alibatuma mutuwekee Windows ya mupya bila kuuliza??

Jambo yenu bote, zaidi bana Lubum (Lubumbashi). Leo niko naandika na kasirani, munisamehe kama maneno itakuwa marefu.

Niko na ateliye kadogo huku Katuba, nachonga mbao na kamashini ka CNC (kenye kuongozwa na ordinatere), plaki za maduka, majina ya kuweka ku mulango, na ule musalaba wa shaba wa Katanga nauchora mu mbao kwa bale benye kutafuta zawadi ya kupelekea ndugu Bulaya. Yote ilikuwa inaendeshwa na ordinatere moja ya zamani, Core 2 Duo, Windows XP, ndani Mach3, ile programu yenye kuendesha mashini, na kwa nyuma iko na poti paraleli, ile ndefu ya pini 25 yenye zamani bantu balikuwa banachomeka emprimante. Kwa macho ni mbaya, plastiki imekuwa manjano kama meno ya muvuta tumbako, lakini kazi ilikuwa inafanya.

Sasa kiangazi hii vumbi yetu nyekundu ikachanganyika na unga wa mbao, vantilatere ikaanza kulia, nikaipeleka kwa fundi mumoja wa mu mji. Mi nilimwambia toa vumbi, badilisha pate ya prosesere, rudisha, basi. Siku ya kuichukua ananipokea na meno yote inje, "mukubwa, nimekuwekea Windows 10, XP ni ya bazee, sasa iko safi". Na anataka nimuongezee makuta juu ya ile kazi!! Namuuliza, na dosie ya Mach3 iko wapi? "Nilifolmati yote mukubwa, kulikuwa virusi."

Virusi ya nini, ile ordinatere haijawahi kuona intaneti.

Mu ile dosie njo kulikuwa fisie ya XML yenye kubeba maisha yote ya mashini: kila pini inapeleka nini, kila mota inataka alama ngapi (tusukumo twa umeme twa kuizungusha) kwa milimeta moja, mwendo, na ile kipimo ya kulegea kwa skurubu niliyoipima mwenyewe na komparatere nikihesabu sehemu za mia za milimeta. Lisansi nayo ilikuwa mule mule, na bila lisansi Mach3 inakataa kuvuka mistari 500 ya G-code (maagizo yenye kuambia mashini ipite wapi), plaki moja tu ya maua inapita hapo mbali sana.

Na haiko suala ya kuweka tena Mach3 na kuendelea. Amefanya Windows ya biti 64, na drayiva ya Mach3 (ile kaprogramu kenye kuongea na poti paraleli) haitembee mu biti 64. Haitembee hata polepole, haitembee kabisa! Poti iko, kamba iko, mota ziko kimya. Nikamrudilia, unajua alinambia nini? "Nunua kamba ya USB kwenda paraleli mukubwa, niko nayo hapa." Ile kamba ni ya emprimante tu, inangojea karatasi, haijui kupiga alama kwa wakati wake. Kuko kingine kinafanana nayo, UC100, kile ni kweli, kiko na akili yake ndani na kinatengeneza alama chenyewe, lakini bei yake haiko ya ile kamba, na mu ile duka yake hata jina hajawahi kusikia.

Sasa najua munakuja kuniambia "hiyo ordinatere tupa, nunua ya mupya yenye mbio". Ndugu zangu, mbio ya nini? Hesabu ni hii: mota yangu ni hatua 200 kwa muzunguko, drayiva ya mota (karte ya umeme, haiko ile ya Windows) inakata kila hatua mara 16, inakuwa 3200, skurubu inasukuma milimeta 8 kwa muzunguko, kwa hiyo milimeta moja ni alama 400. Nikichonga milimeta 1500 kwa dakika ni alama 10,000 kila segonde, moja kila mikrosegonde 100. Prosesere yoyote inaweza hiyo. Chenye kinaua ni kuchelewa: ordinatere ikisimama kidogo tu kutafuta mizajuru, ao kujipunguza nguvu ili isikule umeme (njo maana laptop nyingi hazifai kwa hii kazi hata ukipata yenye poti), mota inaruka hatua, na mashini haijue kama imeruka juu haina jicho. Inaendelea kuchonga muzuri kabisa, milimeta mbili pembeni, na ubao umekwenda. Ile XP ya bazee, bila intaneti, bila antivirusi, bila picha ya kubembea ku ekra, ilikuwa haichelewe.

Na bale ba GRBL, ile programu ndogo ya CNC yenye kukaa mu kakarte ka Arduino, musijisumbue, naijua. Arduino Uno inahesabu alama yenyewe, ordinatere inatuma mistari tu kwa USB, hata laptop ya kufa inatosha, na mwenye kuanza leo namwambia aanzie hapo hapo. Lakini boksi yangu ya umeme ya mashini yote imefungwa kwa pini 25, niko na plaki za kutoa, na mukubwa mwenye kuziagiza anapiga simu kila asubuhi. Nikishindwa nitaweka LinuxCNC, programu ingine ya kuendesha mashini, ni ya bure na inakubali poti paraleli, nitapima kwanza kuchelewa kwake na latency-test, kaprogramu kake ka kupima. Lakini hata hapo bipimo byote nabianza upya, umeme nao unakatika katikati ya kupima, ukirudi mashini haijue tena sifuri iko wapi.

Kwa hiyo naomba: mwenye kuwa na CD ya XP ao Windows 7 ya biti 32, nzima, aniandikie, nitakuja kuichukua hata Ruashi ao Kampemba. BIOS nimekwisha kuweka SATA mu IDE, poti iko ku adresi 378, hiyo musinielezee.

NB: nimefungua boksi ya ordinatere jana usiku. Ilikwenda kwa fundi na bareti mbili za RAM, imerudi na moja. Yenyewe pia ilikuwa na virusi??