Mama anakazwa na misuli usiku, potasiamu haipandi: naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Mama yangu ana miaka 61. Usiku vigimbi vinamkaza hadi analia. Juzi nimemkanda nusu saa, kidole gumba cha mguu kimejikunja, hakinyooki. Mchana kope zinamchezacheza, moyo unamwenda mbio.

Anatumia omeprazole (dawa ya kupunguza asidi tumboni) karibu miaka 2 mfululizo, pamoja na furosemide (dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo), na zote mbili huweza kushusha madini ya magnesiamu mwilini. Hospitali walipima madini ya potasiamu, yakawa chini, wakampa vidonge vya potasiamu. Haipandi! Nikasoma kwamba magnesiamu ikipungua, potasiamu nayo hupotea kwenye mkojo.

Waliopitia hili, kipimo cha magnesiamu mlikipata maabara za aina gani? Vidonge vya magnesiamu naogopa kununua kiholela, figo hazijapimwa. Kwa sasa namlisha dona na mbegu za maboga ili apate magnesiamu. Dawa sijamwachisha.