Faini ya laki tano kwa staa na kwa chipukizi: ni adhabu moja?

Mleta mada, Mtwara mjini
Wadau wa mpira wa Kusini, hili tulijadili kwa kanuni, ushabiki tuuweke pembeni. Baada ya Yanga na Simba kukutana Oktoba 23, 2022, Clatous Chama wa Simba na Stephane Aziz Ki wa Yanga walifungiwa mechi 3 kila mmoja na faini ya shilingi 500,000, kisa hawakupeana mikono na wapinzani kabla ya mchezo. Kanuni za nidhamu za FIFA zinaweka mechi hizo hizo 3 kuwa kiwango cha chini kwa anayempiga mwenzake ngumi au kumtemea mate. Mkono ulionyima salamu umepimwa kwa kibaba kimoja na mkono uliopiga!

Njoo kwenye fedha sasa. Kwa anayelipwa milioni 10 kwa mwezi, laki 5 ni asilimia 5. Kwa kijana wa laki 6, ni asilimia 83 ya mshahara, na kodi ya chumba inamsubiri. Nasema faini iwe asilimia ya mshahara. Mikataba inawasilishwa TFF, shirikisho la soka nchini, wakati wa usajili, kwa hiyo kiwango kinajulikana.

Ruangwa
Mkuu, nia yako njema ila itakwama. Mshahara wa kwenye mkataba ni kipande tu: kuna fedha ya usajili, kuna posho ya ushindi. Ukikata asilimia ya mshahara, klabu zitaandika mshahara mdogo na kuhamishia fedha kwenye usajili. Tena mara nyingine faini hulipwa na klabu, mchezaji haumii hata kidogo.

Kinachouma ni mechi. Ligi ya timu 16 ina mechi 30, kwa hiyo 3 ni sehemu ya kumi ya msimu. Posho zinakwenda, namba inakwenda. Kwa mchezaji mmoja mmoja, faini ifutwe kabisa, mechi zipangwe kwa uzito wa kosa. Kutosalimiana liwe onyo la maandishi, likirudiwa mechi 1.

Masasi
Nyie mmeganda kwenye laki 5, na kuna kosa linaloweza kufuta miaka ya mtu: dripu.

Kanuni za WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, haziruhusu kuingiziwa maji kwenye mshipa zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12. Chupa ya kawaida ni mililita 500. Haijalishi ni maji ya chumvi matupu, na haijalishi ni siku ya mazoezi au ya mechi. Msamaha upo kwa matibabu ya hospitali, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu. Dripu ya kuondoa uchovu anayowekewa mchezaji chumbani haimo humo.

Kesi ikifika, ikithibitishwa alikusudia, anafungiwa miaka 4. Akionyesha kuwa kosa lake si kubwa, ni kati ya onyo na miaka 2. Kinachoamua ni karatasi: majibu ya vipimo, jina la daktari, kiasi alichowekewa, saa iliyoanza na saa iliyokwisha. Hakuna karatasi, hakuna utetezi. Na wa maumivu ya goti wakumbuke kuwa tramadol, dawa kali ya kutuliza maumivu, imekatazwa siku ya mechi tangu Januari 1, 2024.

Sasa linganisha. Anayekutwa na kokeini akathibitisha aliitumia nje ya mashindano, bila uhusiano na mchezo wake, anapata miezi 3, na akimaliza tiba inaweza kushuka hadi 1. Paul Pogba, kiungo wa Ufaransa, alifungiwa miaka 4 mwaka 2024 kwa dawa zilizokatazwa, akakata rufaa mahakama ya michezo ya CAS, ikawa miezi 18. Aliweza kugharamia mawakili. Chipukizi wa huku atamlipa nani?

Mleta mada
Hilo la dripu limenigusa. Lakini Ruangwa, ukifuta faini, klabu kubwa yenye wachezaji watatu wa namba ile ile haitahisi chochote.

Ruangwa
Klabu haitahisi, ni kweli. Mchezaji atahisi, maana kati ya wale watatu yeye ndiye atakayerudi akute nafasi imechukuliwa.

Lindi mjini
Mmesahau mahakama. Eric Cantona wa Manchester United alipompiga teke shabiki mwaka 1995, chama cha soka cha England kilimfungia hadi Septemba 30 na kumtoza pauni 10,000. Mahakama nayo ikampa wiki 2 jela, na kwenye rufaa ikawa saa 120 za kazi za jamii. Wapo wanaoita hiyo adhabu mara mbili. Nakataa. Chama kinalinda mchezo, mahakama inalinda mwili wa mtu.

Kwetu, shambulio la kudhuru mwili linaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 5. Lakini mwamuzi akipigwa uwanjani, kinachosubiriwa ni kamati ya soka tu. FIFA inataka angalau mechi 15 kwa kosa hilo, na watu wakishasikia idadi ya mechi wanaona yamekwisha. Wiki ikipita, uvimbe umeshuka na ushahidi umepotea.

Mwamuzi atoke uwanjani, aende polisi achukue PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, aende nayo hospitali siku ile ile daktari aijaze majeraha yakiwa bado yanaonekana. Kamishna wa mchezo aandike majina ya walioshuhudia kabla basi la timu ngeni halijaondoka.