Tumelipia koncheto nzima ya klarineti, tumepigiwa dakika saba. Huu ni wizi

Wanajamvi, salamu kwenu. Tangu Jumamosi usiku nina hasira ambazo hazijashuka, kwa hiyo nikirefusha mnivumilie.

Baba yangu yuko huku Ujerumani kunitembelea, safari yake ya kwanza nje ya nchi. Mzee ni mtu wa Kilwa. Ujana wake wote umeishia porini akikata mpingo, enzi za msumeno wa watu wawili, na mgongo unaomsumbua mpaka leo aliupata huko. Mti wenyewe huchukua miaka 70 na zaidi kufikia kukatwa, ni mzito hadi unazama majini, na wanunuzi walikuwa wanachagua vile vipande vilivyonyooka tu, visivyo na ufa wala fundo. Walikuwa wakiambiwa vinaenda Ulaya kuchongwa zumari za Wazungu. Basi. Hiyo zumari yenyewe hajawahi kuisikia hata siku moja.

Kwa hiyo nilipoona tangazo kwamba okestra ya mji ninaoishi imealika mpiga klarineti (ndiyo hiyo zumari ya mpingo) kutoka nje, na atapiga koncheto ya mtunzi Mozart, yaani muziki ambao ala moja inaongoza na okestra inaisindikiza, sikufikiri mara mbili. Tiketi mbili, yuro 58 kila moja, tukae karibu Baba aone vidole vinavyofanya kazi. Nikamnunulia na koti.

Kwa wasioijua kazi hii: Mozart aliimaliza mwaka 1791 mjini Vienna, akafariki Desemba ya mwaka huohuo. Alimwandikia rafiki yake Anton Stadler, aliyekuwa na klarineti ndefu kuliko ya kawaida, yenye sauti za chini zaidi. Maandishi ya mkono wa Mozart yalipotea, na kilichochapishwa mwaka 1801 kilikuwa kimebadilishwa ili kipigike kwenye klarineti ya kawaida. Siku hizi wapo wapigaji wanaotengenezewa tena ile ndefu, na tangazo lilisema mgeni atakuja nayo. Sehemu tatu, karibu nusu saa. Kijitabu cha programu tulichopewa mlangoni kiliziorodhesha zote tatu.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Wakaanza na kipande cha ufunguzi cha mtunzi Weber, vizuri kabisa. Halafu akapanda mtu kuwashukuru wadhamini. Akafuata mdhamini mwenyewe. Akafuata mwingine, na picha za jengo lao jipya zikionyeshwa ukutani. Nilitazama saa: dakika 35! Baba amekaa kimya, kofia imelala magotini, Kijerumani hajui hata neno. Walipomaliza ikatangazwa kwamba "kwa sababu ya muda" mgeni atapiga sehemu ya pili peke yake.

Akapiga. Na alipiga vizuri mno, lawama yangu haimhusu yeye hata kidogo. Ule wimbo uliporudi karibu na mwisho, akiupuliza chini kama mtu anayenong'ona, ukumbi mzima uliacha hata kukohoa. Baba alikuwa ameinama mbele, mkono shavuni. Dakika saba hivi. Makofi, maua, mgeni akatoka. Taa za mapumziko zikawaka.

Baba akaniuliza, "Mwanangu, amemaliza? Mbona ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusema?"

Nilikosa jibu. Maana sehemu ya kwanza ndiyo ile klarineti inashuka mpaka kule chini kabisa, kisha inaruka juu ghafla, utadhani watu wawili wanajibizana. Ya tatu inachezeka, ina mwendo wa ngoma. Sauti ya huo mti ingesikika pale kuanzia juu hadi chini. Wamezikata zote mbili ili tuone picha za jengo!

Nikaenda kaunta. Naambiwa tiketi imeandikwa kwamba programu inaweza kubadilika. Jamani, hicho kifungu nakielewa. Mpigaji akiugua, ndege ikichelewa, nani atalalamika? Lakini huyu alikuwepo, mzima, ala mkononi, okestra nzima imeshafanya mazoezi. Na simfoni ya 7 ya Beethoven, muziki mrefu wa okestra peke yake, ilipigwa yote baada ya mapumziko, hakuna aliyethubutu kuipunguza. Kwa nini koncheto? Kwa nini hotuba zisikatwe? Sisi tulionunua tiketi tulikuja kumsikiliza nani?

Jumatatu nikawaandikia barua pepe. Jibu limekuja leo: pole sana, na punguzo la asilimia 10 kwa onesho la msimu ujao. Msimu ujao Baba atakuwa Kilwa! Nimewajibu kwamba sihitaji punguzo. Nimedai fedha ya tiketi zote mbili, na nimewaomba wamfikishie yule mpigaji barua nyingine niliyoiandika kwa ajili yake, nikamweleza mzee aliyekaa safu ya nne alikuwa nani.

Mliopo Ujerumani au nchi jirani, naomba msaada. Kama kuna mahali koncheto hii inapigwa nzima kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo, hata kanisani, hata na wanafunzi wa chuo cha muziki, niandikieni hapa. Nauli ya treni ipo. Ndege ya Baba ni Alhamisi saa nne usiku.