Naomba ushauri: Ranthambore au Tadoba kwa kumwona chui milia?

Mgeni wa Njia: Wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninapanga kwenda India na mtu mzima mmoja kumwona chui milia, nasi tutakuwa na siku tatu tu. Zote mbili ni hifadhi za wanyama: Ranthambore iko jimbo la Rajasthan, na kutoka Delhi treni huchukua saa nne au tano hadi kituo cha Sawai Madhopur. Tadoba iko Maharashtra, ambako wageni wengi hushukia Nagpur. Ninaomba mnisaidie kuchagua.

Nahodha wa Bara: Nenda Tadoba, ila si Jumanne, kwani siku hiyo hufungwa. Mimi nilifika mwezi wa Aprili, joto likiwa limepita nyuzi 40. Kulungu wa madoadoa alipoanza kulia kwa ukali, mwongozaji alizima injini akatuashiria tunyamaze, na baada ya muda chui milia alitoka kwenye mianzi, akavuka barabara bila hata kutugeukia. Sisi tuliozoea Serengeti, ambako simba hulala kundi zima chini ya mti mmoja, hatuna subira ya mnyama anayetembea peke yake.

Mwalimu Mstaafu: Kwanza, wengine tunamwita simbamarara. Pili, ningependa kujua mwenye uzi amekwisha kufika Ruaha au Katavi kabla ya kupeleka fedha zake ng'ambo.

Bi Kanga: Mbona hutaji mwezi?

Mgeni wa Njia: Mwezi hauna shida, dada. Wakala amenihakikishia kwamba msitu uko wazi mwaka mzima.

Bi Kanga: Nimeuliza mwezi, sikuuliza maneno ya wakala.

Mgeni wa Njia: Ni tarehe 28 Julai. Ukweli ni kwamba mama yangu atabadilishiwa goti Delhi tarehe 20, nami ninakwenda kwa viza ya msindikizaji wa mgonjwa. Huyo mtu mzima ni yeye. Nimekwisha kutuma dola 300 za awali kwa ajili ya Ranthambore, kanda ya 3, na sioni ubaya wowote, kwa kuwa gari litamchukua mlangoni mwa hoteli na kazi yake itakuwa kukaa tu.

Nahodha wa Bara: Kukaa tu? Yale magari madogo ya wazi ya watu sita hupandwa kwa kurusha mguu juu, na njia zenyewe ni mawe na makorongo. Mjomba wangu alibadilishiwa goti, na siku ya nane alikuwa akilia kwa kuvuka kizingiti cha choo.

Bi Kanga: Daktari wake amesemaje?

Mgeni wa Njia: Bado sijamuuliza.

Mpita Kote: Mimi naona hadithi hii imetungwa. Kanda 1 hadi 5 za Ranthambore hufungwa kuanzia tarehe 1 Julai hadi 30 Septemba kwa sababu ya mvua za monsuni, na kibali cha mgeni hutolewa kwa namba ya pasipoti, ambayo hukaguliwa langoni. Mtu aliyepewa kanda ya 3 mwezi wa Julai, ama amealikwa na chui milia wenyewe, ama anatuchezea.

Mwalimu Mstaafu: Nami nilishuku tangu aliposema "mtu mzima mmoja". Hakuna anayemwita mama yake hivyo.

Mgeni wa Njia: Sijatunga neno. Nilificha kwa sababu nilijua mtanikemea. Ukutani kwetu Tanga kulikuwa na kalenda ya duka la Mhindi yenye picha ya chui milia akinywa maji. Miaka ilipita, mchwa wakaula mkia, mama akakataa kuiondoa. Safari hii aliitaka yeye, nami sikuweza kumwambia hapana. Kuhusu pasipoti, nimeitazama tena risiti: ina majina yetu mawili na neno "asubuhi", basi. Wakala hakuwahi kuniomba namba yoyote.

Bi Kanga: Mpigie sasa hivi.

Mgeni wa Njia: Nimempigia mara nne tangu adhuhuri, simu inaita tu. Lakini nasikia kanda 6 hadi 10 huendelea kupokea wageni wakati wa mvua. Je, katika hizo hakuna hata moja yenye njia isiyo na mawe?