DVD ya harusi inatoa mistari kama kitana, nimekosea wapi?

mtoto_wa_tanga: Wakuu habari zenu, nina DVD ya harusi ya dada 2004, imeanza kugomagoma nikasema niihamishie kwenye kompyuta kabla haijafa. Nikatumia HandBrake (programu ya kubadilisha video) nikaweka fremu 30 kwa sekunde, sasa bi harusi akitembea anarukaruka na akina mama wakipunga leso mikono inatoa mistari kama meno ya kitana. Diski mbovu au mimi?

fundi_kanda: Diski haina shida mkuu, kwanza toa hiyo 30. DVD za kwetu ni PAL, yaani mfumo wa video wa fremu 25 kwa sekunde, ukilazimisha 30 inarudia fremu moja kila baada ya tano ndo maana anaruka. Halafu kamera zile fremu moja ni nusu mbili, mistari ya shufwa na ya witiri, zimepigwa muda tofauti, zikibandikwa pamoja unapata kitana. Kwenye filta za HandBrake chagua Bwdif, ile ya kutenganisha hizo nusu, mtindo weka Bob, fremu 50, kila nusu inakuwa picha yake.

dada_mhariri: Picha ikienda mbele nyuma mbele nyuma, mpangilio wa nusu umegeuka, kanda za kamera za MiniDV huanza na nusu ya chini. Ila sinema za diski za Marekani usizifanyie hivyo jamani!! nyingi ni fremu 24 zilizovutwa kufika 29.97, hizo tumia filta ya Detelecine, inazirudisha kwenye 24.

mtoto_wa_tanga: Nimejaribu dakika mbili tu, kitana kwisha. Faili limenenepa ila shangazi anavyodondosha keki sasa inaonekana vizuriii 😂